Hasi Isiyopimwa

Mliniaga kwa soda, keki na khanga, na mmoja wenu akasimama akasema nilikuwa mtu mpole ambaye hakuwahi kugombana na mtu. Nilimshukuru kwa sababu ilikuwa sherehe. Haikuwa kweli. Nimefanya kazi hadi kustaafu katika maabara ya kituo kimoja cha afya hapa Babati, ambacho sitakitaja jina, na sehemu kubwa ya muda huo nilikuwa na hasira. Koti jeupe nimelirudisha stoo. Hasira sikuambiwa niirudishe.

Sitaandika habari za vyeo wala mishahara. Nitaandika habari za protini kwenye mkojo wa mama mjamzito, na sababu ninayo. Katika siku zangu za mwisho kazini vijiti vya kupimia mkojo viliisha, na mmoja wenu, simtaji, aliendelea kujaza majibu ya kliniki: protini hasi, protini hasi, hadi chini ya ukurasa. Nilipomuuliza alisema, "Kwani mama, si wengi wao huwa hasi?" Sikumjibu pale pale. Jibu lake ni refu na linaanzia mbali.

Niliajiriwa mwishoni mwa miaka ya sabini, nikiwa na elimu ya darasa la nane, kama mhudumu. Maana yake kufagia, kuchemsha maji na kuosha vioo. Bosi wangu alikuwa Mzee Baran, Mwiraqw wa kutoka milima ya Mbulu, Mlutheri asiyekosa ibada, mwembamba, aliyezoea kuzungumza na tyubu za kioo kana kwamba zilikuwa ng'ombe wake. Siku ya kwanza nilimwamkia nikiwa bado nimeshika ufagio.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umeshawahi kuchemsha yai?"

"Ndiyo, Mzee."

"Likapoa?"

"Likapoa."

"Lilipopoa lilirudi kuwa bichi?"

Nilicheka, nikasema hapana.

"Basi nusu ya kazi ya humu unaijua," alisema. "Weka ufagio, njoo uone nusu nyingine."

Alichukua tyubu yenye mkojo wa mama mjamzito, akaijaza zaidi ya nusu, akaishika chini kwa kibanio cha mbao na kuupitisha mwali wa taa ya spiriti kwenye sehemu ya juu peke yake. Hiyo ndiyo sehemu ambayo wanafunzi wengi huikosea. Ukiuchemsha mkojo wote huna cha kulinganisha nacho. Ukichemsha juu tu, chini panabaki kama palivyokuwa, na unaweza kuona kama juu pamebadilika. Siku ile juu palitokea wingu jeupe, kama lile linalokaa juu ya mlima Kwaraha asubuhi za Aprili.

"Yai," nilisema.

"Usiwe na haraka. Linaweza kuwa yai, linaweza kuwa chumvi." Akadondosha asidi ya siki, tone moja, la pili, la tatu. Wingu likapotea, mkojo ukawa safi. "Chumvi. Inaitwa fosfati. Haina ubaya wowote. Lingebaki, ningemwita nesi akimbie."

Kwa hiyo kipimo kile kilikuwa na hatua mbili, na ya kwanza bila ya pili haina maana. Moto unakuambia kuna kitu. Asidi inakuambia ni kitu gani. Naomba mkumbuke hilo, maana mambo yote yaliyofuata yamesimama juu yake.

Nilimuuliza Mzee Baran kwa nini moto hufanya hivyo. Alinitazama bila aibu. "Mimi nilifundishwa kupima. Kwa nini, sikufundishwa. Kile kitabu pale." Kilikuwa kitabu cha Kiingereza kisicho na jalada wala kurasa za mwanzo. Niliazima kamusi kwa mwalimu mmoja wa sekondari, nikawa nasoma kila jioni baada ya kupika, aya moja moja. Mume wangu aliwaambia majirani zetu wa Maisaka kwamba nasomea upadri.

Nilichokielewa nitawapa kwa ufupi, ingawa ninyi mmesomeshwa vyuoni, kwa sababu nimeona mnakijua kwa ajili ya mtihani na mnakisahau mezani. Protini ni mnyororo. Mmewaona akina mama wa Kibarabaig sokoni wakitunga shanga: rangi ni chache, lakini mpangilio wa rangi ndio unaofanya mkufu huu usiwe ule. Shanga za protini ni amino asidi, aina ishirini hivi, na kila seli ya mwili ina vikarakana vidogo sana vinavyosoma maagizo yaliyotoka kwenye kiini na kutunga shanga moja baada ya nyingine, kwa mpangilio ulioagizwa. Kosa moja katika mpangilio unaweza kuharibu kila kitu. Mnyororo ukishatungwa haubaki umenyooka. Unajikunja wenyewe, kila protini kwa mkunjo wake, na mkunjo huo ndio unaofanya kazi. Ile iitwayo albumini hutungwa kwenye ini, hukunjika kama donge, kisha huzunguka kwenye damu na kuyazuia maji yasitoroke kwenye mishipa.

Ukiipasha moto, mkunjo unafumuka. Shanga hazikatiki, uzi haukatiki, lakini minyororo iliyofumuka inanasana ovyo kama nyuzi ndani ya mfuko wa fundi cherehani, na hapo ndipo unapoona weupe. Ndiyo maana yai halirudi kuwa bichi. Asidi nayo hufanya yake. Maziwa yakichachuka hugeuka mgando kwa sababu hiyo hiyo. Siku nilipoelewa kwamba yai langu, mgando wangu na wingu la kwenye tyubu ni habari moja, nilitoka nje nikasimama uani peke yangu kwa furaha. Nasema hilo ili mjue kuwa kazi hii ilinipa furaha pia. Ndiyo sababu nyingine ya hasira.

Figo ni chujio. Halitakiwi kupitisha albumini. Katika ule ugonjwa wa ujauzito unaoleta kifafa cha mimba, chujio linavuja. Protini inatoka na mkojo, maji yanatoroka kwenye mishipa, mama anavimba miguu, kisha uso, kisha kichwa kinauma, kisha anaanza kutetemeka mwili mzima, na mara nyingi hapo umeshachelewa. Wingu kwenye tyubu laweza kutangulia dalili hizo kwa majuma. Kipimo cha spiriti na matone ya siki kilikuwa kinatupa majuma.

Kisha ikaja ile miaka ya uhaba, mwanzoni mwa themanini. Wenye umri wangu hawahitaji kuelezwa, na ninyi hamtaamini. Sabuni ilipotea, tulisugua tyubu kwa majivu, na majivu yasipooshwa vizuri huharibu kipimo, kwa hiyo kila tyubu ilisuuzwa mara nyingi kwa maji ya kuteka. Spiriti ilipotea, tukatumia jiko la mafuta ya taa, na mafuta yakipotea, mkaa. Mpira wa mashine ya kupimia presha ulipasuka, ukashonwa, ukapasuka tena, na bohari ya dawa ikasema hakuna mwingine nchini. Mzee Baran alistaafu katikati ya hayo akarudi shambani kwake. Maneno yake ya mwisho kwangu hayakuwa ya kuagana. Alisema, "Asidi ya siki ikiisha, usije ukajaribu asidi kali. Asidi kali inaweza kuyeyusha hata yai lenyewe, ukamwambia mgonjwa ni mzima."

Asidi ikaisha. Bohari haikuleta nyingine. Nilikwenda kwa Mzee Athumani, mfanyabiashara wa pale mjini ambaye mke wake alitengeneza achari, nikapata siki ya dukani. Si kali kama ya maabara, lakini ukiongeza matone inafanya kazi, na ni nyeupe, haina takataka. Kwa muda mrefu wajawazito wa Babati walipimwa kwa siki ya achari na hakuna aliyelalamika.

Halafu ukaja msako wa walanguzi. Wafanyabiashara walikuwa wanakamatwa kwa kuficha sukari, vitenge, sabuni, na woga ulipoingia haukuchagua bidhaa. Nilifika dukani kwa Mzee Athumani nikakuta rafu tupu, yeye ameketi katikati kama mgeni wa duka lake.

"Shikamoo, Mzee Athumani."

"Marahaba, Mama Safari. Hapa hakuna kitu."

"Sijasema ninachotaka."

"Hata usiposema, hakuna."

"Nataka ile siki ya kila siku. Chupa moja."

Alitazama mlangoni, akatazama nyuma yangu, akashusha sauti. "Nimeimwaga."

"Umeimwaga wapi?"

"Chooni. Dumu zima. Wangenikuta nayo wangeniuliza, mtu mmoja, siki yote hii, unamfichia nani? Ningewajibu nini? Huko chooni hata nzi wamehama."

"Mzee, siki haimo kwenye vitu wanavyotafuta."

"Wewe umeambiwa wanatafuta nini?" alisema. "Mbona mimi sikuambiwa?"

Mtu aliyeogopeshwa hivyo humwaga hata kisichomhusu. Nilijaribu limau. Maji ya limau yana ukungu wake mwenyewe, hata ukiyachuja kwa pamba, na huwezi kuondoa wingu kwa kuongeza wingu. Kuanzia siku ile kwenye karatasi za kliniki niliandika neno moja: haikupimwa.

Juma lile lile niliitwa na Katibu wa kituo. Alikuwa mtu nadhifu, suruali zake zilikuwa na mkunjo hata wakati ambao hakuna mtu mwingine Babati aliyekuwa na makaa ya pasi.

"Mama Safari, hii haikupimwa, haikupimwa, ni nini?"

"Asidi imekwisha, Bwana Katibu. Nimekwisha kuandika kuomba."

"Ripoti ikifika mkoani wataona kituo kimelala."

"Kimelala."

Hakupenda. Lakini alikuwa mtu wa kujizuia, akatabasamu. "Sikiliza. Wajawazito wengi hawana protini. Si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Basi ukiandika hasi, mara nyingi utakuwa umesema kweli."

"Na yule ambaye hayumo kwenye hao wengi?"

"Huyo atavimba, tutamwona."

Nimesikia mambo mengi mabaya kazini, mengine yakisemwa kwa kelele na matusi. Hilo lilisemwa kwa upole, na mtu aliyekuwa anapanga kalamu zake mezani. Nilimwambia siwezi kuandika jibu la kipimo ambacho sikukifanya. Akaniambia naleta siasa kwenye mambo ya afya. Siku iliyofuata nilihamishiwa meza ya darubini, kuangalia malaria na minyoo, na kliniki ya wajawazito akapewa mwenzangu Daniel, kijana mwenye watoto wadogo na mwandiko mzuri. Daniel aliandika hasi.

Niligombana naye. Niligombana naye mbele ya watu na mbele ya mke wake. Alisema, "Dada, wewe una mume mwenye kazi. Mimi wakinifukuza nakwenda wapi?" Nikamwambia aende akalime. Halikuwa jibu zuri, lakini sikuwa natafuta jibu zuri. Hatukusalimiana kwa muda mrefu, tukiwa chumba kimoja, tumepeana migongo.

Yusta alikuja katika majira hayo. Alikuwa msichana wa Nangara, ndoa yake changa, mimba yake ya kwanza. Aliletwa na mama mkwe wake akiwa amevimba uso hadi macho yamekuwa mistari, khanga imefungwa kichwani kwa sababu ya maumivu. Alitembea bila viatu; vilikuwa mkononi mwa mama mkwe, vilikuwa havimwingii tena.

Daktari wetu alikuwa mtu mwema na amechoka. Naandika hivyo ili msije mkafikiri kuwa namtafutia lawama. Hakuwa na mashine ya presha. Alikuwa na Landrova moja yenye dizeli ya safari moja ya Arusha, kwenye hospitali ya mkoa, na wodini alikuwamo mama mwingine aliyejifungua akiwa na homa isiyoshuka, naye alikuwa anaihitaji safari hiyo hiyo. Uso wa kuvimba wakati ule haukuwa habari mpya. Watu walivimba kwa kula vibaya, kwa moyo, kwa minyoo.

Alikuja mwenyewe maabara akiwa na chupa ya mkojo na kadi ya kliniki. Daniel na mimi sote tulikuwapo. Nikawasha jiko, nikapasha juu ya tyubu. Wingu likatokea, zito.

"Asidi?" Daktari aliuliza.

"Hakuna."

Akaitazama kadi. "Mwezi jana hasi. Mwezi wa juzi hasi. Mtu aliyekuwa hasi mara mbili, hili laweza kuwa fosfati tu. Amekuja na mkojo wa asubuhi, umekaa juani." Alikuwa anafikiri sawasawa. Ndilo jambo linaloniunguza hadi leo. Alikuwa anafikiri sawasawa juu ya kitu ambacho hakikuwapo. "Naona nimpeleke yule wa homa."

Niligeuka. "Daniel, sema."

Daniel alikuwa anatazama sakafu.

"Sema, au nitasema mimi."

"Hazikupimwa, Daktari," alisema. "Zote mbili. Tuliambiwa tuandike."

Daktari hakupiga kelele. Aliiweka kadi mezani kifudifudi kama mtu anayefunika sahani yenye nzi. "Basi sina kitu mkononi," alisema. "Nina wingu."

Hapo ndipo nilipokumbuka maji ya betri. Mtauliza kwa nini sikuyakumbuka mapema. Ni asidi kali, ile ile aliyonikataza Mzee Baran, na kwa kazi ya kila siku angenikataza kwa haki. Lakini asidi kali ikichanganywa na maji mengi hupungua ukali. Tatizo ni kujua imepungua kiasi gani, na sikuwa na kipimo cha ukali wake. Nilichokuwa nacho ni yai, au niseme ningeweza kulipata.

Jumanne, dereva wa Landrova, nilimkuta ameketi juu ya mfuniko wa injini kana kwamba analinda maiti.

"Jumanne, nipe maji ya betri kidogo."

"Mama Safari, una kichaa? Betri hii naibembeleza kama mtoto. Ukinipunguzia, gari haliwaki. Sasa huyo mgonjwa utambeba mgongoni?"

"Matone tu. Ya kulowesha ncha ya kidole."

"Ukilowesha kidole na hiyo kitu hutakuwa nacho tena."

"Bila hayo matone gari litampeleka mgonjwa asiye wake."

Alishuka. Alifungua kizibo kimoja cha betri, akanivutia kidogo kwa kidondoshi changu cha kioo, akilalamika muda wote kwa sauti ya chini, akimwomba Mungu na betri kwa pamoja.

Mama mkwe wa Yusta alikuwa na kikapu, na ndani ya kikapu mayai, maana watu wa wakati ule hawakuja kwa mganga mikono mitupu. Nilimwomba moja.

"La kumpa mgonjwa?"

"La kuliuliza swali, mama."

Alinipa huku akinitazama vibaya.

Nilidondosha asidi ndani ya maji. Daima asidi ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi, itawarukia usoni. Nilichanganya ute mweupe wa yai na maji, nikauchuja kwa kitambaa, nikaupasha. Ukawa mweupe. Nikadondosha asidi yangu: weupe ukaanza kufifia pembeni. Ilikuwa kali mno. Mzee Baran alikuwa sahihi. Nikadondosha asidi hiyo ndani ya maji mengine, nikaanza tyubu mpya. Safari hii weupe ulibaki. Nikachukua mkojo wa mgonjwa mmoja wa kiume uliokuwa umekaa tangu asubuhi, mkojo ambao nilijua hauna shida. Nilipoupasha ulitoa wingu, nikadondosha asidi ile ile, na wingu likapotea. Sasa nilikuwa na asidi iliyoacha protini na kuondoa chumvi. Daniel alikuwa ameshika tyubu hizo mbili, moja kila mkono, bila kuambiwa, na mikono yake ilikuwa imetulia.

Kisha Yusta. Nikapasha, wingu likatokea. Tone. Tone. Tone. Wingu halikupotea. Lilikusanyika, likawa vipande, likashuka chini kama mgando ulioachwa kwenye kibuyu.

"Ni protini," nilisema. "Na ni nyingi."

Daktari alikuwa ameshatoka mlangoni akimwita Jumanne. Yule mama wa homa alibaki wodini na Daktari akabaki naye. Sitaki msahau kuwa na yeye alikuwapo. Alipona, lakini hakuna aliyejua hivyo wakati gari linaondoka.

Betri iliwasha. Barabara ya Arusha wakati ule ilikuwa mashimo na vumbi, na Jumanne alituhadithia baadaye kwamba Yusta alianza kutetemeka wakiwa njiani, wakasimama, mama mkwe akamshikilia ulimi kwa kijiko, jambo ambalo msilifanye kamwe, kisha wakaendelea. Walifika. Yusta aliishi. Mtoto alizaliwa amekwisha kufa.

Katibu alipopata habari aliitisha mkutano wa wafanyakazi. Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kwa vita. Alisimama akasema kituo chetu kimeonyesha ubunifu na moyo wa kujitegemea, kwa kupima protini kwa maji ya betri katika mazingira magumu, na akaomba nipigiwe makofi. Watu walipiga. Sijawahi kupata aibu kama ile ya kupigiwa makofi. Nilisimama nikauliza habari za zile hasi mbili. Alisema hilo ni suala la kiutendaji na litashughulikiwa. Baada ya muda alihamishwa kwenda mahali pakubwa zaidi, akaagwa vizuri. Nafikiri nilikula keki yake.

Lakini si Katibu ninayetaka mmkumbuke.

Miezi kadhaa baadaye Yusta alikuja maabara. Hakutumwa na mtu wala hakuwa anaumwa. Alisimama kwenye dirisha la kupokelea vipimo, uso wake umerudi kuwa mdogo, mwembamba. Nisingemtambua kama asingetaja jina. Alituamkia. Daniel na mimi tulikuwa tumeanza kuongea tena, kidogo, habari za kazi tu.

"Nimekuja kuuliza," Yusta alisema. "Ile mara ya kwanza nilipokuja kliniki mliandika hasi. Na ya pili. Nesi aliniambia maana yake mimi ni mzima. Nataka kujua mliona nini."

Daniel aliweka chini tyubu aliyokuwa anasuuza.

"Hatukuona kitu, dada," alisema. "Hatukupima. Asidi ilikuwa imekwisha."

"Mkojo wangu mliupeleka wapi?"

"Tuliumwaga."

Yusta hakulia, wala hakupandisha sauti. Mimi nilitamani apige kelele, avunje kioo, afanye lolote ambalo lingetupa sisi kazi ya kumtuliza.

"Sasa si mngesema," alisema. "Kule juu kuna hospitali ndogo ya masista, mkojo wanapima. Ni mbali, ni kupanda mlima, lakini watu wanakwenda. Mngeniambia hamjapima, ningekwenda." Akatazama chini, kwenye miguu yake. "Wakati ule viatu vilikuwa bado vinaniingia."

Akatuaga kwa adabu, akaondoka. Daniel aliketi. Kuanzia siku ile hakuandika tena neno ambalo hakulipima, na waliokuja kumtisha aliwajibu kwa ukali kuliko nilivyowajibu mimi. Siki ilirudi baadaye, na asidi ya maabara, kisha vijiti vyenu hivi vya rangi, ambavyo ni vizuri, protini hunasa rangi na mnasoma jibu bila moto wala yai. Lakini navyo huisha. Viliisha mwezi ule mlioniaga, na vitaisha tena.

Kwa hiyo wewe uliyeniuliza, jibu langu ni hili. Ndiyo, wengi wao huwa hasi. Vijiti vikiisha, andika vimeisha, hata wakikuita ofisini. Mwambie mama aliye mbele yako kwa mdomo wako kwamba hujampima. Usipomwambia, unamzuia kwenda kwingine wakati viatu vyake bado vinamwingia.